Maziwa Waliyoyakana, Kisha Wakayadai

Mama yangu mpendwa, Mama Jillo,

Hata ungekuwa hai usingeisoma barua hii. Ungeniambia nikusomee kwa sauti, halafu ungesinzia katikati na kuamka ukidai umesikia yote. Nakuandikia hata hivyo. Nimeketi barazani kwangu Malindi, asubuhi, na chai ya rangi mbele yangu, kwa sababu tangu nirudi kutoka kwenu siwezi kunywa chai yenye maziwa. Naandika wazi, asome anayetaka, maana yaliyotokea yalitokea mbele za watu na hakuna aliyejificha.

Habari ya mimi na wewe nilisimuliwa na watu wawili, mamangu mzazi na wewe mwenyewe, na kila mmoja alijifanya yeye ndiye aliyekuwa na akili siku ile. Mto ulifurika mwaka niliozaliwa. Ulimeza shamba la baba, migomba, mahindi, hata choo. Wapokomo wa kijiji chetu, hapo karibu na Golbanti, wakakimbilia mwinuko mmoja wa mchanga, na kumbe nyinyi Waorma mlikuwa mmeshafika na ng'ombe wenu. Basi mkakaa nyinyi upande huu, sisi upande ule, ng'ombe katikati wakilalamika kwa niaba ya wote. Mamangu alikuwa amejifungua juzi tu, homa imemshika na maziwa yamekauka. Mimi nililia. Wewe ulikuwa na Jillo kifuani, mzaliwa wako wa kwanza. Ulipita katikati ya ng'ombe, ukanichukua mikononi mwa nyanya yangu bila kuomba ruhusa, ukaketi chini. Jillo kushoto, mimi kulia.

Nyanya alishtuka. Alisema, "Huyu mama ni wa dini nyingine."

"Mtoto hii haina dini bado," ulimjibu. "Iko na njaa."

Maji yalipopungua hukuondoka upesi. Mamangu aliugua kiangazi chote, na kiangazi chote ulininyonyesha. Siku mliyohama na mifugo ulinipaka samli utosini na kutangaza mbele ya baba yangu na mumeo: "Hii ni binti yangu. Imenyonya hapa. Yeye na Jillo ni ndugu, hakuna kuoana." Watu wakacheka, kwa kuwa nani alikuwa na mpango wa kuwaoza watoto wasiojua kutambaa? Lakini wewe hukucheka. Kwenu ziwa si mzaha, na kwa maneno yale ulinipa ndugu, ukanipa na ukoo ambao sikuuomba.

Kila kiangazi mlirudi. Ng'ombe walishuka mtoni kwa malka, ile njia ya mifugo iliyopita ubavuni mwa shamba letu, ambayo baba aliiacha wazi makusudi. Mabua baada ya mavuno yalikuwa yenu, mbolea ilikuwa yetu, na haikuhitajika baraza la chifu kutufundisha hayo. Nilikuwa nikisikia kengele za ng'ombe natupa jembe na kukimbia. Uliniinua juu, ukanipima uzito kwa mikono yako, kisha ukamgombeza mamangu kwamba ananilisha ugali mtupu. Yeye naye alikujibu kwamba mwanao amekonda hivyo, labda hayo maziwa unayoyasifu unawapa ndama.

Unaikumbuka siku ya kambale? Mamangu alikuwa akimchemsha jikoni, wewe umeketi mlangoni, umejifunika pua kwa ushungi, macho tu yako nje. Kwenu samaki hakuwa chakula cha mtu mwenye ng'ombe.

"Nyoka yenu ya maji inanuka," ulisema. "Mimi nakaa hapa sababu ya mtoto tu."

"Na maziwa yako yananuka moshi," mamangu alisema huku akikoroga. "Mtu akinywa anakohoa."

"Moshi ni dawa ya kibuyu. Bila moshi maziwa inaharibika."

"Na samaki ni nyama ya maskini."

Mlicheka wote wawili. Wakati huo Jillo alikuwa amepitia mlango wa nyuma na kula kipande kizima, mdomo unang'aa mafuta. Ulimwona. Uligeuza uso ukaangalia mto, na najua hukumwambia baba yake mpaka mzee yule alipofariki. Mimi na Jillo tulikuwa na siri hiyo kati yetu miaka yote, na kila alipotaka kunionea nilimtishia kwa neno moja tu, kambale.

Kwa hiyo nilikua nikisikia pande zote mbili. Kwetu niliambiwa Waorma hawajui kulima, ni watu wa kutembea nyuma ya mikia. Kwenu nilisikia kwamba Mpokomo ni mtu wa matope, na mwanamume anayeshika jembe ni yule aliyeshindwa kuwa na ng'ombe. Cha ajabu, pande zote mbili zilikuwa na watoto wanaoitwa Jillo. Tuligawana majina, tukagawana mbu, mamba wa mtoni na barabara mbovu ya Garsen. Mgeni kutoka Nairobi angetuangalia asione lolote zaidi ya maskini wa Tana River. Kazi ya kutafutana tofauti tuliifanya wenyewe, na kwa bidii tusiyoiweka hata kwenye mpunga.

Nilipoenda chuo nilisomea mambo ya jamii na utamaduni, na sasa nayafundisha. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba wanaobaguana si lazima wawe hawajuani. Mara nyingi wanajuana mpaka harufu ya jikoni. Nawaambia kwamba mila huandikwa upya kila siku na wenye nguvu, halafu tunaambiwa ni ya tangu zamani. Nawauliza, mkulima na mfugaji wakigombania kichochoro cha kwenda mtoni, nani anabaki na ardhi kubwa iliyozunguka? Nani anakuja wakati wa kura kutukumbusha kwamba sisi si wamoja? Wanaandika sana, vijana wale. Siku niliyokueleza kazi yangu ulisikiliza kwa heshima, kisha ukaniuliza kama wanafunzi wangu wanakula vizuri. Nilikwambia wengine hawali. Ukasikitika, ukanifungia samli niwapelekee.

Halafu vita vikaja. Sitavisimulia, ulikuwepo. Vilianzia kwenye malka na mashamba, vikapita kwenye majukwaa ya siasa, vikarudi na mapanga na bunduki. Baba yangu aliuawa. Kitinda mimba wako, mdogo wake Jillo, naye aliuawa. Kwetu kulichomwa, kwenu kukachomwa, na bonde zima likanuka majivu hadi mvua ziliponyesha. Sikujua nikulilie ama nikuogope, na nadhani hata wewe ulijiuliza hivyo juu yangu. Kaka yangu Komora alimzika baba, kisha akapanda migomba kukatiza malka yote na kuizungushia miiba ya mathenge. Sikumlaumu. Hata leo, nikiipita ile migomba, namwona baba yangu akiwa amesimama hapo na mundu, akiwapisha ng'ombe wenu, na nashindwa kumlaumu Komora na nashindwa kumsamehe.

Hata soko la Garsen likagawanyika. Wanawake wa Kiorma wauzao maziwa walihamia ng'ambo ya barabara. Uvumi ukaenea kwetu kwamba maziwa yametiwa sumu, na kwenu mkaambiwa unga wetu una dawa ya panya. Mara ya kwanza niliyokuja kutoka Malindi baada ya vita, nilikuona umeketi nyuma ya madumu yako ya maziwa, umezeeka ghafla. Nilisimama upande wa pili wa barabara. Wanawake wa kwetu walikuwa wakiniangalia, wa kwenu pia.

"Binti yangu!" uliita kwa sauti ya kuita ng'ombe. "Kuja hapa!"

Nikavuka. Hukunikumbatia. Ulimimina maziwa kwenye kikombe cha bati, ukanywa wewe kwanza, ukameza polepole ili kila mwenye macho aone, ukafuta ukingo wa kikombe kwa pindo la leso yako, ukanipa. Nikanywa. Moshi ule ule. Nilikuwa siwezi kustahimili harufu ya moshi tangu nyumba yetu iungue, lakini ule niliumeza na machozi yakanitoka mbele ya soko zima. Komora alikuwa ameshapata habari kabla sijafika nyumbani, na siku hiyo hatukusemezana. Kila nilipokuja tena ulifanya vilevile. Unakunywa kwanza, unafuta, unanipa.

Siku moja mwanamke wa ukoo wenu aliyeketi karibu alikuuliza kitu kwa Kiorma, mkali, akininyooshea kidevu. Ulimjibu kwa ufupi, akageukia wateja wake. Nikakuuliza amesemaje.

"Anauliza kama ni kweli mimi nilinyonyesha kafiri."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia mtoto ililia. Nifanye nini?"

Ukaendelea kumimina maziwa ya mteja.

Mama, sasa niende kwenye yale usiyoyajua.

Ulipofariki, si Jillo aliyenipigia simu. Alinipigia mwanawe, Bonaya, mjukuu wako yule anayeuza dawa za mifugo Garsen. Nilikuja siku iyo hiyo na binti yangu Neema, muuguzi wa dispensari ya Tarasaa. Tulibeba mchele, sukari na majani ya chai, kama anavyofanya mtoto aliyefiwa. Tulikuta umeshazikwa; nilikuwa nimechelewa, kama nilivyohofia njia nzima. Langoni alisimama mwanamume mmoja wa ukoo wenu, mwenye ndevu za hina.

"Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Binti yake."

"Marehemu hakuwa na binti Mpokomo."

"Alininyonyesha."

"Maziwa ni maziwa tu," alisema. "Hata ng'ombe inanyonyesha watu. Wewe ni ndama?"

Jillo alikuwa ameketi ndani, mahali anaposikia. Alikuwa akichora mchanga kwa fimbo yake. Nilimwangalia muda mrefu. Nilitaka kumtamkia neno letu la utotoni, kambale, pengine angeinua kichwa. Nikalimeza. Mchele waliupokea, sukari wakaipokea, mimi wakanirudisha nikakulilie barabarani, nimeegemea gari. Bonaya alitufuata kwa aibu na jagi la maji. Alimpa Neema kikombe, na yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Sikuyaona yakikua. Nilidhani Neema anapita Garsen kwa kazi. Kumbe walikuwa wanapendana, na walipendana kwa utulivu wa watu wazima, hawakutoroka wala hawakutafuta ugomvi. Walipotaka kuoana walifanya yote inavyotakiwa. Bonaya alimwendea baba yake, Jillo akapeleka neno kwa wazee. Wazee wakasema msichana ni Mkristo. Bonaya akaenda kwa sheikh, sheikh akasema hilo halizuii. Wakasema watu wake walituua. Bonaya akasema nasi tuliwaua wao, na Neema hakumshika mtu. Wakasema hajui kuishi na ng'ombe. Bonaya akacheka, akasema hata yeye anaishi na chupa za dawa tu. Kila mlango waliofunga aliufungua kwa adabu. Ndipo Jillo aliposema lile lisilojibika.

Alisema, "Msichana huyo ni ndugu yetu. Mama yake alinyonya ziwa la mama yangu."

Mama, niliposikia nilicheka mpaka Neema akaniogopa. Ndama amekuwa ndugu! Sheikh alisema hata hivyo wale ni watoto wa ndugu, na dini haiwakatazi. Wazee wakajibu hiyo ni dini, na hii ni ukoo. Kwa mila yetu, wakasema, wa ukoo mmoja hawaoani, na aliyenyonya ni wa ukoo. Hiyo mila ilikuwa wapi siku nilipokuwa langoni na mchele kichwani? Ilikuwa imelala. Wameiamsha walipoihitaji, kama mtu anavyotoa mwavuli uvunguni siku ya mvua. Na hapo ndipo somo langu lote la chuoni lilinijia likiwa na sura za watu ninaowajua. Walionikana wakati undugu ulikuwa na faida kwangu ndio walionikumbatia pale undugu ulipoweza kumnyima mwanangu.

Nilimpigia Jillo.

"Dada," aliitika. Hakuwa ameniita hivyo tangu vita.

"Kwa nini, Jillo?"

Nilisikia mbuzi nyuma yake. "Wataniulia mtoto," alisema. "Si lazima kwa risasi. Watamuulia soko. Nani atanunua dawa kwake? Wataita watoto wake majina. Mimi nikisema namkataa Mpokomo, nitakuwa mtu mbaya. Nikisema ni ndugu, hakuna mtu anaumia."

"Neema anaumia."

"Neema ni mtoto wangu pia," alisema. Hiyo ndiyo iliyonimaliza, Mama, kwa sababu nilijua anasema kweli. Ningekuwa na adui ningejua pa kurusha jiwe. Nilikuwa na kaka mwenye hofu, anayempenda mwanawe, na aliyetumia kitu kizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo kufunga mlango bila kelele.

Kwetu nako! Komora, ambaye kwa miaka amekataa hata kusikia jina lako nyumbani mwake, ambaye aliniambia maziwa yale yalinipofusha, alifurahi waziwazi.

"Kwa mara ya kwanza wamesema kitu cha maana," aliniambia. "Nenda ukawaambie ulinyonya, dada. Sema ulinyonya sana."

Ndiyo hivyo. Tangu vita, wafugaji wa kwenu na wakulima wa kwetu hawajawahi kukubaliana juu ya maji, malisho, njia wala mpaka. Walikubaliana juu ya Neema. Hakukuwa na haja ya mpatanishi wala posho ya kikao.

Wazee wakaniita. Walitaka nitamke mwenyewe, mbele yao, kama nilinyonya au la. Mamangu mzazi alishafariki, wewe umefariki, nyanya yangu, mumeo, baba, wote wamekwenda. Shahidi aliyebaki ni mimi, na mimi nilikuwa kitoto kichanga. Asubuhi ya siku ya kikao nilimpitia Neema kwake Tarasaa. Alikuwa amevaa sketi ndefu na mtandio, kwa heshima yenu.

"Mama, sema hapana," aliniambia. "Neno moja tu. Si useme hukumbuki? Hakuna mtu anakumbuka akiwa mtoto."

"Wakisikia hapana watatafuta kingine, mwanangu."

"Watafute. Hicho kingine tutapambana nacho. Hiki ndicho hatuwezi, kwa sababu umekisema wewe maisha yako yote." Akanishika mkono. "Mum, please. Nisaidie tu hapo."

Nikamwahidi, Mama. Nataka ujue hilo. Njia nzima kutoka Tarasaa nilikuwa nalitamka moyoni lile neno, hapana, hapana, mpaka likaacha kuwa na maana.

Walikuwa wameketi chini ya turubai, kwenye uwanja wa manyatta yenu. Mwanamume wa langoni alikuwepo. Jillo alikuwepo, fimbo mapajani. Bonaya alisimama nyuma, hakukaa. Mzee aliyeongoza alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za safari na za Malindi, kisha akasema kwa kile Kiswahili chetu cha Tana ambacho kila mtu hukiazima anapoongea na mwenzake:

"Mama, sisi hatukulazimishi. Sema kweli tu. Mama Jillo alikunyonyesha ama hakukunyonyesha? Ukisema hapana, hiyo itaisha. Lakini ujue, ukisema hapana, tutajua kwamba marehemu alidanganya. Alikaa sokoni miaka yote akiita mtu binti yangu, na haikuwa kweli. Alituaibisha bure, kwa uongo. Sasa sema."

Kaburi lako liko pale nyuma ya zizi. Nililiona, udongo haujashuka bado. Nikafungua mdomo. Nikaona kikombe cha bati, nikaona unavyomeza polepole mbele ya watu wa pande zote mbili, umechoka, umefiwa na mwanao kwa vita na bado unakunywa kwanza ili nisiogope. Nikaona nitatamka neno moja, na watu hawa watakuwa na haki ya kukuita mwongo hapo hapo ulipolala.

"Alininyonyesha," nikasema.

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee alimshukuru Mungu kwa sauti ya chini, akasema, "Basi karibu nyumbani, binti yetu." Mwanamume wa langoni, Mama, yule wa ndama, alinyanyuka akanipisha kiti chake. Wanawake wakatoka majumbani kunisalimu, mmoja baada ya mwingine, wakaniita shangazi, wakaniita dada. Wakanipeleka kaburini bila kuombwa. Yote niliyoyalilia nimeegemea gari nilipewa siku ile, kwa mikono miwili.

Kisha wakaleta maziwa. Jillo alichukua bakuli, akanywa kwanza. Akafuta ukingo kwa kitambaa chake, akanipa. Hakuniangalia usoni. Nilipoinua bakuli nilimwona Neema juu ya ukingo wake. Alisimama, akakung'uta vumbi kwenye sketi, akamtazama Bonaya mara moja, akaenda kukaa ndani ya gari. Nilikunywa. Yalikuwa na moshi ule ule wako. Yalikuwa matamu, Mungu anisamehe.

Tulipofika Tarasaa alishuka, akafunga mlango taratibu, akasema, "Asante kwa lifti," kama ninavyoambiwa na watu nisiowajua. Baadaye nilisikia ameomba uhamisho, amepangiwa zahanati moja huko juu Ndera. Bonaya amefunga duka lake la dawa na hakuna anayejua ataenda wapi. Jillo hunitumia salamu za Idi na za Krismasi, na mara moja alinitumia samli. Komora ananisifu mbele za watu. Nina heshima pande zote mbili za mto sasa, na nyumba yangu iko kimya.

Wanafunzi waliniuliza wiki iliyopita, mtu mmoja mmoja anaweza kufanya nini mbele ya ubaguzi uliojengwa na wengi? Swali zuri, nililianzisha mimi mwenyewe. Niliwaambia tutalijadili, nikafuta ubao ingawa haukuwa na maandishi.

Nimejitetea sana moyoni. Nimejiambia wangetafuta kisingizio kingine, na kweli wangetafuta. Nimejiambia ndoa ya uongo haidumu. Nimejiambia nililinda jina lako. Na kila nikifika hapo kwenye jina lako nakusikia, umeketi nyuma ya madumu yako, unamimina maziwa ya mteja, na hujali hata kidogo watu wanakuitaje. Wangekuita mwongo, ungewauliza kama wanataka kununua. Ningekuja kukuuliza, "Mama, niseme nini mbele ya wazee?" ungeniuliza kwanza, "Neema analia?"

Ningekwambia ndiyo.

Wewe ulisikia mtoto wa watu akilia ukapita katikati ya ng'ombe. Mimi nilimsikia wa kwangu, nikakaa kitini nilipopishwa, nikanywa maziwa.

Lala salama nyuma ya zizi, Mama. Wamekuwekea mawe mapya kaburini, na mbuzi hawafiki tena. Kiangazi kikija nitakuja kukuona, mlango uko wazi. Nitakuja peke yangu.

Ni mimi, binti yako, kama wanavyosema sasa hata wao.